Muziki mseto na "Leo katika historia ya muziki": tuijenge kalenda ya Mombasa

Mwana_wa_Kuze (mleta uzi)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimepewa kazi ninayoipenda na inayoniumiza kichwa. Redio moja ndogo ya jamii hapa mjini imenipa saa moja ya muziki mseto kila Jumapili saa tatu usiku, na juu yake dakika mbili kila asubuhi kabla ya taarifa ya saa moja, za "Leo katika historia ya muziki". Jina la stesheni naliweka mfukoni kwa sasa, mwenyewe hajaniruhusu kulimwaga humu.

Muziki si tabu. Nina santuri za marehemu baba, kanda zimejaa mpaka uvunguni, na vijana wananiletea vyao kwenye flashi. Tabu ni hizo dakika mbili. Mtangazaji aliyenitangulia ameniachia faili ya mwaka mzima, kila siku na jambo lake. Nimeifungua kwa furaha, nikaenda tarehe 3 Februari. Naona ndege iliyoanguka Iowa, Marekani, mwaka 1959, wakafa Buddy Holly, Ritchie Valens na mwenzao wakimwita The Big Bopper. Sawa, ni msiba mkubwa na wenyewe hawajausahau. Lakini tarehe hiyohiyo, mwaka 1975, kule Cairo, alifariki Umm Kulthum, mwimbaji mkuu wa Misri. Hayumo. Nimetafuta faili nzima, si siku ya kufa wala siku nyingine yoyote.

Hebu niambieni. Mtu akae Mombasa, mji ambao wazee walikuwa wakishika Cairo kwenye redio ya mbao kama hawana stesheni nyingine, tarehe 3 Februari ipite asimtaje Umm Kulthum?

Nikaendelea kupekua. 6 Februari: Bob Marley kazaliwa 1945, yumo. Lata Mangeshkar, mwimbaji wa sinema za Kihindi, kafariki Mumbai siku kama hiyo mwaka 2022, hayumo. 24 Novemba: Freddie Mercury, 1991, yumo, ingawa hakuna neno lolote kwamba alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946. Daudi Kabaka wetu, 24 Novemba 2001, hayumo. Tarehe 8 Julai, aliyofariki Siti binti Saad mwaka 1950, ndiyo msiniulize.

Simkatai Mzungu. Buddy Holly nitampiga, tena kwa raha zangu. Ninalosema ni kwamba masikio ya mji huu yamesikiliza pande zote za bahari kwa pamoja, sasa kalenda yake haiwezi kuandikwa na mtu anayeujua upande mmoja. Naomba tuiandike hapa. Lete tarehe, lete jina, na lete kisa chenyewe. Tarehe kavu sitaki.

LikoniFeri

Mzee shikamoo. Naunga mkono, ila niulize kama kijana: nani anataka kusikia maiti saa moja asubuhi? Fulani kafa, kesho fulani kafa. Saa hiyo mimi niko kwenye feri nimebanwa na baiskeli ya mtu ubavuni. Nataka kitu kinichangamshe.

Fundi_Redio_Majengo

Kijana kasema kweli. Hizo faili za mtandaoni zimejaa vifo kwa sababu kifo kina tarehe moja, rahisi kuipata. Historia ya muziki ni mitambo pia, na mitambo ndiyo iliyobadilisha tunachosikia. Chukua hizi:

1 Julai 1979, Sony waliingiza Walkman sokoni Japani. 1 Oktoba 1982, CD zikaanza kuuzwa hukohuko. Mwaka 1963 Philips walionyesha kanda ndogo ya kaseti kwenye maonyesho Berlin. Hiyo ya kaseti usiipitie mbiombio, ndugu yangu. Kabla yake, taarabu iliyopigwa harusini ilibaki harusini, labda mwimbaji aitwe studio kuirekodi kwenye santuri. Ilipokuja kaseti, mtu anaweka redio-kaseti chini ya jukwaa, kesho yake kanda iko sokoni, wiki ya pili iko Lamu, iko Unguja, iko Maskati. Hapa Mombasa duka la Mbwana Radio Service nalo likaingia kwenye kanda za taarabu. Mimi nilikuwa nikitengeneza mashine zilizokula kanda za watu, najua kanda gani zililiwa sana. Za Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, waimbaji wetu wa taarabu. Zinachezwa mpaka zinakonda.

Na za redio zenyewe: 27 Juni 1957 BBC ilianza matangazo ya Kiswahili. Cairo walikuwa wametangulia, wao walianza Kiswahili 1954. Mbona hizo hazimo kwenye faili yako?

Mwana_wa_Kuze

Fundi, hiyo ya kaseti nimeichukua yote, nitaisoma kwa sauti yangu na sitakutaja jina wala sitakulipa.

LikoniFeri, marahaba mwanangu. Nimekusikia. Nimeweka sharti: katika kila wiki vifo visizidi viwili. Siku nyingine zote ni kuzaliwa, kurekodi, kuzinduliwa, kugombana na kuibiana nyimbo. Hapo kwenye kuibiana tuna mali nyingi.

BiMkubwa_Kisauni

Wanangu, nimesoma kimya nikasema niandike, maana naona wanaume wanataja mitambo na wanawake wamewasahau.

Mnamtaja Zuhura Swaleh kwa kupita tu. Mwekeni siku yake. Taarabu ya wanawake wa Mombasa ilikuwa na ngoma ya chakacha ndani yake, ukumbi wenyewe hauketi. Na ile sauti kali inayolia pembeni ya mwimbaji, wengi mwadhani ni gita. Ni taishokoto. Mimi nimeishika kwa mikono yangu kwenye harusi moja Kibokoni, mpigaji alipokwenda kula. Ni kisanduku chembamba kirefu, nyuzi zimelazwa juu yake, na upande mmoja kuna vidude vya kubonyeza vilivyopangwa kama vya taipureta. Mkono wa kushoto wabonyeza, wa kulia wakwaruza nyuzi kwa kipande cha plastiki. Chetu kilikuwa kimetiwa waya wa umeme na bendeji ya dukani ili usichomoke. Ukibonyeza bila nguvu chatoa mlio kama mbu, ukibonyeza sawasawa kinakata ukumbi mzima.

Nilipokuja kuulizia nikaambiwa asili yake Japani. Mwanangu akanitafutia, ikawa kweli.

Fundi_Redio_Majengo

Kweli tupu, Bi. Ilitengenezwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita. Jina la kwao taishogoto, kwa sababu mwaka huo Wajapani walianza kuhesabu enzi mpya ya mfalme wao, Taisho. Ikaenda India, wakaigeuza wakaiita bulbul tarang, na huku kwetu ikafika bandarini ikaingia kwenye taarabu. Mimi nimezifungua kadhaa kuzitia pikapu. Mbao na bati tu, hakuna siri.

Na hapo ndipo mseto wenyewe ulipo. Chombo cha Mjapani, mahadhi mengine ya Kihindi, ngoma ya Kimvita, mashairi ya Kiswahili, na harusini hakuna aliyewahi kusema "huu ni muziki mchanganyiko". Ulikuwa muziki wa harusi basi.

Mdigo_wa_Tanga

Wakuu, natoka Tanga, naomba nafasi. Mnamsahau mtu aliyefia kwenu. Mbaraka Mwinshehe alipata ajali ya gari hapo Mombasa akafariki Januari 1979, umri wake hata miaka arubaini haujafika. Alikuwa Morogoro Jazz, akatoka akaunda Super Volcano, na gita lake mpaka leo baa za huku likianza watu wanaacha kuongea. Faili yenu Januari inasemaje?

Halafu wale ndugu wa kwetu, Wilson na George Kinyonga. Walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaja kukaa Mombasa kabla ya Nairobi kuwaita, na bendi yao ikawa Simba Wanyika. Ninyi mnasema muziki wa Kenya, sisi tunasema wa kwetu. Tugawane.

Mwana_wa_Kuze

Karibu sana mkuu. Januari faili imejaa Elvis: kazaliwa, kaimba Hawaii, karudi. Mbaraka nitampa Jumapili nzima ya Januari, na Simba Wanyika nitawaingiza hapohapo bila kusema wa nani.

Sikio_la_Kufa

Mimi nina swali moja tu na nataka jibu la kiume. *Malaika* ni ya nani? Maana ukikosea hilo hewani utapigiwa simu mpaka Ramadhani.

LikoniFeri

Ya Boney M 😂

Sikio_la_Kufa

Nyamaza wewe.

Mwana_wa_Kuze

Sikio, swali lako ndilo lililonifanya nijiwekee kanuni. Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta, ndiye aliyeirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na Jambo Boys, na jina lake ndilo lililokwenda kwenye karatasi za haki. Kule Tanzania wapo wanaosimama na Adam Salim kuwa ndiye mtunzi, na mwenyewe alidai hivyo. Baadaye Miriam Makeba akaupeleka duniani, akauimba pia na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, na Boney M wakautoa 1981. Kwa hiyo hewani mimi nasema "aliyeirekodi". Neno "aliyeitunga" silitii mdomoni. Tarehe yake naweka 11 Februari, siku aliyofariki Fadhili mwaka 2001, na siku hiyo nitapiga matoleo matatu mfululizo bila kuongea katikati. Msikilizaji aamue roho yake iko wapi.

Kanuni ya pili ni ya saa. Hii inachekesha. Michael Jackson alitangazwa kafariki Los Angeles saa nane na dakika ishirini na sita mchana, tarehe 25 Juni 2009. Tuko mbele yao kwa saa kumi. Hapa Mombasa ilikuwa saa sita na dakika ishirini na sita usiku, tarehe 26 imeshaingia! Mimi nakumbuka vizuri, habari ilitukuta watu wako macho barazani, na kwetu sisi ilikuwa Ijumaa. Sasa nitangaze siku gani?

Fundi_Redio_Majengo

Tarehe ya mahali lilipotokea jambo. Ukianza kuhamisha saa hutamaliza.

BiMkubwa_Kisauni

Mimi naona sivyo. Kipindi ni cha Mombasa, kumbukumbu ni ya watu wa Mombasa. Sema tarehe ya kwao, kisha sema sisi tulipata habari usiku gani na tulikuwa tukifanya nini. Hayo ndiyo watu watakayosikiliza. Ile ya Los Angeles wataisoma popote.

Mwana_wa_Kuze

Bi, umenifungulia mlango. Nitafanya hivyo.

LikoniFeri

Sasa kuhusu kipindi chenyewe cha Jumapili. Mzee, muziki mseto wengi wanauharibu. Unasikia reggae, mara kasida, mara lingala, mara wimbo wa mazoezi ya viungo. Si mseto huo, ni flashi imewekwa kwenye kuchezwa ovyo. Utaunganishaje?

Mwana_wa_Kuze

Umegusa panapouma. Mseto bila sababu ni kelele. Mimi naunganisha kwa njia ambazo sikio linazikubali hata kama mtu haelewi kwa nini, na mara nyingi njia yenyewe ni mtu aliyesikiliza mtu mwingine.

Mfano, 31 Julai, alipofariki Mohammed Rafi mwaka 1980. Nafungua na Rafi mwenyewe, wimbo wa sinema. Halafu Juma Bhalo, maana ukimsikiliza Bhalo na zile sauti za Kihindi alizozivisha mashairi ya Kimvita, hutahitaji mtu akueleze kwa nini wako jirani. Kisha Zuhura na taishokoto, kwa hiyo bado tuko na chombo kilichopitia India. Halafu natulia: Zein l'Abdin na udi, mwanamume wa Lamu aliyeishi hapa mjini na kushika njia ya Kiarabu wakati wenzake wanakwenda na Bombay. Hapo tumevuka bahari nyingine na hakuna aliyeshtuka.

Nikitoka kwa Zein naingia kwa gita. Fundi Konde, mtoto wa Pwani, alipigia askari muziki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na aliporudi akawa miongoni mwa wa kwanza nchini kurekodi kwa gita la umeme. Sauti yake laini, haipigi kelele, inafaa baada ya udi. Kutoka hapo twist ya Kabaka, kisha Slim Ali na Hodi Boys. Hapo vijana wataamka, maana hawaamini kuwa Mombasa ilitoa mtu wa soul wa kiwango kile miaka ya 1970. Namalizia na Mombasa Roots na chakacha yao ya disko, ili Bi Mkubwa asikie ngoma yake ikirudi na bas ya umeme.

Saa moja imekwisha, tumepita Mumbai, Nagoya, Lamu na mbele za askari wa vita, na sijasema neno "mseto" hata mara moja.

LikoniFeri

Hiyo nimeikubali. Ila hapo mwisho niwekee Ukoo Flani au Nyota Ndogo. Chakacha ya disko ni ya mamangu.

BiMkubwa_Kisauni

Mamako ana akili.

Mwana_wa_Kuze

Nyota Ndogo yumo Jumapili ya pili, tulia.

Kwa 24 Novemba nimeshaandika dakika zangu mbili, nazibandika mziseme vibaya kabla sijazirekodi:

"Leo tarehe 24 Novemba. Mwaka 1991 alifariki London mtoto aliyezaliwa Unguja kwa jina la Farrokh Bulsara, dunia ikamjua kama Freddie Mercury wa kundi la Queen. Miaka kumi baadaye, tarehe hiihii, akafariki Daudi Kabaka, bingwa wa twist ya Kenya. Kabla ya Queen kuundwa, Waingereza walikuwa wameshacheza wimbo wa Kabaka bila kumjua: mwaka 1968 kundi la The Tremeloes liliuchukua *Helule Helule* na kuuingiza katika nyimbo ishirini bora za Uingereza. Asubuhi hii tunao Kabaka kwanza, kisha Waingereza wake."

Sikio_la_Kufa

"Waingereza wake." Hapo umewaweza.

Mdigo_wa_Tanga

Mkuu safi. Ongeza Mbotela basi. Mtu wa redio kamili, mzaliwa wa Frere Town hapo kwenu, "Je, huu ni ungwana?" imesikika mpaka huku Tanga tangu 1966. Si mwanamuziki lakini redio yenu bila yeye haina historia.

Mwana_wa_Kuze

7 Februari 2025 alituacha. Nimemwandika. Inakuja siku moja tu baada ya Marley na Lata, kwa hiyo wiki hiyo ya kwanza ya Februari imekuwa nzito kuliko sharti langu la vifo viwili. Februari nitaivunja sharti, hakuna namna.

Limebaki la Umm Kulthum, na hapa naomba ushauri wa kweli. Nataka kumpiga tarehe 3, nina *Enta Omri* ya 1964, ule wa kwanza aliotungiwa na Mohammed Abdel Wahab, wenye gita la umeme mwanzoni lililowashangaza Wamisri wenyewe. Lakini wimbo ni wa saa nzima kwa jukwaani. Kipindi changu chote ni saa moja, na asubuhi nina dakika mbili. Nilifikiri nipige ule mwanzo wa ala peke yake halafu nishushe sauti pole pole mama anapotaka kuingia.

BiMkubwa_Kisauni

Usithubutu. Umshushe sauti Umm Kulthum anapotaka kuingia? Ukifanya hivyo mimi nazima redio na nawapigia simu mashoga zangu wote wazime.

Fundi_Redio_Majengo

Bi yuko sawa, utaonekana hujui unachokishika. Afadhali usimpige kabisa, utoe kisa chake kwa maneno.

BiMkubwa_Kisauni

La, ampige, ila kwa adabu zake. Mwanamke yule alikuwa akiimba hewani Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, Cairo yote inafunga maduka. Sasa mwambie mkubwa wako wa stesheni akupe Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baada ya isha, wimbo mmoja, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila tangazo katikati. Februari muwe na Umm Kulthum. Machi mumweke Abdel Halim Hafez, ambaye alifariki mwezi huo mwaka 1977. Aprili Bi Kidude, tarehe 17 mwaka 2013. Julai Siti. Kila mwezi una mwenyewe.

Mwana_wa_Kuze

Bi, siku za Alhamisi baada ya isha pana kipindi cha mpira, na mpira ndio unaolipa umeme wa stesheni.

BiMkubwa_Kisauni

Alhamisi moja kwa mwezi, mwanangu. Mpira hautakufa.

LikoniFeri

Alhamisi ya kwanza kuna Europa League lakini.

Sikio_la_Kufa

Europa League nani anaangalia? Mzee nenda kaongee na mkubwa, sema tuko wengi. Mimi nitakuletea majina ya watu wa mtaa wangu yameandikwa kwenye karatasi, kama zile kadi za salamu za zamani.

Mwana_wa_Kuze

Leta karatasi. Jumatatu naingia ofisini kwake saa nne asubuhi. Fundi, nitafutie waya wa kuunganisha meza ya santuri na mikisa, wa kwetu unakoroma. Na mwenye tarehe ya mwezi Mei aiweke hapa, Mei nina Marley peke yake, tarehe 11.